Kidole Iko Chini ya Gato

Mama Ramla wa Naviundu alikuwa na miaka makumi tano na mbili siku ile nilimupelekea gato. Kama ningejua, ningeikula yote mu njia na karatasi yake ningetupa mu mutaro. Lakini hakuna muntu alinionya. Nilikuwa nafikiri napeleka furaha.

Asubuhi ile nilipita mutaa ya Hewa Bora na miguu, kama kawaida yangu. Tangu bibi yangu niliyeoa alikufa, nyumba inanichokesha kuliko barabara. Nakunywa chai, nafunga mulango, naenda. Nilipofika ku alimentation ya Mado, yule mwanamuke munene wa kucheka, nikakuta bantu bengi mbele ya duka, na kila mumoja ameshika kintu mukononi pole pole, kama anashika ndege mudogo.

"Papa Bwalya!" Mado akaniita. "Kuya mbio mbele baimalize! Gato ya kidole imerudia!"

"Uongo," nikamwambia. "Ile gato ilikufa na mwenyewe."

"Basi imefufuka. Ingiza menyo, kama ungali nayo."

Bantu bakacheka. Mwalimu mumoja mwenye tai alikuwa amenunua kumi, akaziweka mu mufuko wa vitabu, akasema batoto yake hawatapata hata moja. Mama mumoja alikuwa analia kidogo huku anatafuna, akasema ni juu ya mama yake, alikuwa anamununuliaka hii kila siku ya mungu kisha misa.

Miaka ile ya zamani gato ya kidole ilijulikana Lubumbashi yote. Ilikuwa keki mudogo, ya mviringo, rangi ya udongo wetu. Chini yake kulikuwa shimo, na mu shimo tone moja ya jam ya mapera. Mutoto hakuanza kuikula juu, hapana. Aliigeuza kwanza, akaingiza kidole mu shimo, akalamba, kisha njo akauma. Kama uko na zaidi ya miaka makumi tatu mu muji hii, kidole yako ilisha kuingia mule.

Na ile shimo ilikuwa ya kidole ya muntu mumoja, Abibu, mutoto wa Waislamu ba Maniema. Mu ujana wake alifanya kazi ku bulanjeri ya kupika mukate, na mashini ya kukanda ikamukata ncha ya kidole gumba ya kuume, na kucha yake pamoja. Kidole ikabakia fupi, imelala upande wa kushoto, na chini yake alama ya jeraha imegawanyika mara mbili kama njia panda. Kisha aliona kwamba akikandamiza unga mu kikopo na ile kidole, gato inaiva katikati sawa na pembeni. Ilikuwa siri yake yote. Alizikandamiza moja moja, mu lupango yake, kiwanja ya nyumba yake kule Naviundu, na bibi yake Ramla alichekecha bunga, akageuza gato zikiiva, akaweka jam. Miye nilizipeleka mu maduka na kinga, baiskeli yangu. Njo kusema nilikuwa muntu wa ile nyumba.

Ku duka ya Mado nikafungua karatasi, nikageuza gato. Shimo ilikuwa pale. Jam ya mapera ilikuwa pale. Na shimo ilikuwa imelala upande wa kushoto.

Muntu mwingine angeshituka. Miye, sikusoma sana, nikajisemea tu: bameiga muzuri. Nikanunua mbili, nikashika njia ya Naviundu.

Sasa lazima niseme Ramla alikuwa ameishi namna gani.

Aliolewa na Abibu akiwa na miaka kumi na saba. Batoto hawakupata, lakini ile lupango ilijaa kelele kila siku juu ya harufu ya gato. Miaka makumi mbili na moja sasa, Abibu alienda Kipushi kuvuka mupaka na kununua bunga Zambia. Mu siku ya pili, lori iliyobeba bunga yake ilianguka mu barabara ya Kipushi ikaungua. Balikuta mifuko yenye alama yake, na kofia yake ku kiti, na muntu mumoja alikuwa ameungua vibaya. Waislamu hawalazi maiti. Muntu akifa, jua isishuke yeye iko juu ya udongo, kama inawezekana. Shafi, tayeur wa kushona nguo, rafiki mukubwa wa Abibu, njo aliingia kumutambua. Akatoka, akasema, "Ni yeye." Shehe akauliza tena, akasema tena, "Ni yeye." Ramla hakuonyeshwa, balisema haiko kintu ya kuonyesha bibi ya muntu. Saa kumi na moja tulikuwa tumemaliza kufunika kaburi.

Ramla alikaa eda, miezi mine na siku kumi, ndani, na nguo nyeupe. Jiko ya gato ikaota kutu. Bantu balimwambia afanye gato mwenyewe. Akasema, "Na kidole gani?" Kisha miaka mbili Shafi akapeleka bazee kumuomba. Ni muntu mupole, Shafi, hakuna siku nilimusikia anapandisha sauti. Balizaa batoto bawili, mukubwa iko Kolwezi. Kila Ijumaa, miaka yote ile, Ramla alienda kusoma dua ku kaburi ya Abibu, na Shafi mwenyewe alimusindikiza mupaka ku mulango wa makaburi. Ndani hakuingiaka. Tulisema ni heshima.

Nilimukuta Ramla anachagua muchele mbele ya mulango. Mu chumba, mashini ya Shafi ilikuwa inalia taa-taa-taa.

"Shikamoo, baba Bwalya. Leo miguu imekuleta huku?"

"Marahaba, mama. Imekuletea kintu. Funga macho."

"Miye si mutoto."

"Funga."

Akafunga, huku anacheka. Nikamuwekea gato mukononi, imegeuzwa. Alitambua na vidole mbele ya kufungua macho. Kucheka kukaisha. Akapeleka kidole yake mu shimo, akaizungusha pole pole, akafika chini, na pale kidole ikasimama.

"Iko njia panda," akasema.

"Nini?"

"Jeraha yake. Iko mu gato. Weka kidole."

Nikaweka mu ile yangu. Chini ya jam, mu unga ulioiva, kulikuwa alama mudogo imegawanyika mara mbili. Nilitaka kutoa kidole, na ilikuwa kama haitake kutoka.

"Baba Bwalya, Abibu tulimuzika."

"Tulimuzika, mama. Nilikuwa pale."

"Nani alimuona?"

"Shafi njo alimuona."

Mu chumba, mashini ikanyamaza.

Shafi akatoka na metre yake ya kupimia nguo mu shingo. Akaangalia gato, hakuikaribia. "Tupa ile kintu," akasema. "Bantu ba leo banaiga kila kintu. Ile ni kazi ya mashini."

"Mashini iko na jeraha?" Ramla akamuuliza.

"Tupa tu, mama ya batoto. Nakuomba."

Akarudia ndani, na mashini ikaanza tena, mbio kuliko mbele. Mulango ilikuwa wazi. Niliangalia. Chini ya sindano hapakuwa nguo.

Ramla alinikaribia, akasema na sauti ya chini: "Baba, kama Abibu iko muzima, miye ni bibi ya nani? Nimelala mu nyumba ya nani miaka hii yote? Batoto yangu ni ba namna gani?"

"Usiseme vile."

"Nitasema namna gani ingine? Soma pale ku karatasi, miye sina miwani. Inatoka wapi?"

Nikasoma, na taabu. Ilikuwa imeandikwa Kipushi, nyuma ya soko.

Kesho yake, mbele ya saa sita, tulikuwa Kipushi, yeye na miye. Shafi alimwambia asiende. Hakumukataza, alimuomba tu, na alimuomba mara tatu. Nyuma ya soko hatukuuliza muntu. Tulifuata harufu. Ramla alitembea mbele, na nilimuona mara moja anapangusa mikono ku kikwembe, kama zamani, akitoka ku kuchekecha bunga.

Tukakuta lupango mudogo, jiko imejengwa muzuri, na bikopo mia mia juu ya meza. Mu kivuli ya nyumba kulikuwa mwanamuke wa miaka arobaini hivi, amekaa ku mukeka. Alikuwa na nguo nyeupe tangu kichwa mupaka miguu. Ramla akasimama. Ile nguo aliijua. Alisha kuivaa juu ya muntu ule ule.

"Karibuni," mwanamuke akasema. Kisha akamuangalia Ramla sana. "We njo Ramla."

"Nani alikwambia?"

"Unapangusa mikono vile alisema."

Jina yake ilikuwa Sofia. Alituwekea viti, na yeye akabakia ku mukeka. Ramla akauliza kintu moja tu: "Iko wapi?"

"Alikufa siku makumi tano leo," Sofia akasema. "Mapafu. Tulimuzika hapa Kipushi."

Sikuwa naangalia Ramla. Niliangalia mikono yake tu. Mukono mumoja ulikuwa umeshika mwingine.

"Basi alikuwa muzima," akasema. "Siku niliolewa, alikuwa muzima."

"Alikuwa muzima. Lakini yeye hakuitaka ile neno."

Na Sofia akatuambia. Abibu alikuwa ametanguliza bunga yake mu ile lori, akaacha na kofia ku kiti kusudi bajue nafasi ni yake. Kisha askari ba mupaka balimuzuia Zambia siku tatu juu ya karatasi. Lori ikaenda bila yeye. Akarudia na miguu, akafika Naviundu mangaribi, akasikia bantu banasoma dua ya maiti kwake. Akasimama ngambo ya mutoni. Akasikia jina yake, na jina ya baba yake, na kisha: Mungu amurehemu. Pale mutoni kulikuwa mama muzee anafua nguo. Akainua kichwa, akamuona. Akaacha nguo ziende na mayi, akakimbia, akaanguka.

"Ule mama alikufa kisha siku mbili," Sofia akasema.

Ule mama nilimujua. Nilikuwa ku kilio yake. Bantu ba nyumbani balisema alikuwa anarudilia tu: nilimuona marehemu, nilimuona marehemu. Tulifikiri ni homa.

"Abibu alisikia ile habari mu njia. Akasema: balisha kunisomea. Muntu aliyesomewa akirudia, anayemujua anamufuata. Akirudia kwake, bibi yake njo atafuata. Basi akakuya huku, kwenye hakuna anayemujua. Miye sikumujua mbele, ndiyo maana aliweza kunioa. Jina yake hakuitamka tena. Ku mupaka bakimuuliza jina, anasema: niiteni Marehemu. Bantu banacheka. Yeye hakuchekaka."

"Na gato?" nikauliza.

"Gato hakufanya hata moja miaka yote. Alifanya mukate tu, ya kawaida. Mwaka huu mapafu ilipokuwa mubaya, akasema: sasa nakufa kweli kweli, gato haiwezi kuua muntu. Gato inaweza kuingia kule miye siwezi."

Akainuka, akatuletea kintu imefungwa mu kitambaa. Ilikuwa kidole gumba ya shaba. Muchongaji wa shaba wa pale Kipushi aliimimina mu udongo kwenye Abibu alikandamiza kidole yake, akiwa angali na nguvu ya kukaa. Ilikuwa fupi, imelala kushoto, bila kucha, na njia panda yake chini. Sofia alikuwa anaikandamiza mu kila gato, moja moja. Ilikuwa imetoka ku kazi saa ile. Ramla akaipokea mu mukono, na uso wake ukageuka.

"Iko moto," akasema.

"Ni juu ya jiko," Sofia akasema. Lakini na yeye hakuwa anaiangalia.

Ramla akashika ile kidole mu mikono yake yote mbili mupaka ikapoa. Ilichukua wakati murefu. Kisha akauliza nguo nyeupe inauzishwa wapi.

Shehe wa Kipushi balimuita, akasikiliza yote, akavuta ndevu. Alisema ndoa ya pili bantu baliifunga kwa imani, Mungu njo anajua, na batoto hawana kosa. Lakini sasa kifo imejulikana, Ramla akae mbali na Shafi. Eda inahesabiwa tangu siku ya kufa, si tangu siku ya kupata habari. Kwa hiyo siku za Sofia na siku za Ramla zilikuwa sawa, zilibakia makumi nane. Zikiisha, Ramla na Shafi bafunge ndoa upya mbele ya bashahidi, kama bangali banatakana.

Basi bibi bawili bakakaa mukeka moja. Nilienda mara nyingi, kupeleka gato mu maduka na kuleta habari. Mu Lubumbashi bantu baliendelea kufurahi. Mado alitoboa ukuta juu duka ilikuwa mudogo. Batoto ba kidogo sana, ambao hawakuzaliwa wakati ule, balisha kujifunza kugeuza gato na kuingiza kidole. Niliwaangalia na sikusema kintu. Miye mwenyewe niliikula juu tu, chini niliacha.

Mu lupango ya Kipushi hakukuwa kulia sana. Sofia alimwambia Ramla mambo ya Abibu ya kisha, Ramla alimwambia ya mbele, na bote bawili baliona kama banasema bantu bawili mbalimbali. Abibu ya Ramla aliimba akifanya kazi. Ya Sofia hakusimama mbele ya kioo, na alikaa mugongo ku mulango, kusudi anayepita asimutambue. Siku ingine Ramla akaniuliza: "Baba, na ule tulimuzika Lubumbashi? Ijumaa ngapi nimemuita Abibu? Hakunijibu hata na ndoto. Sasa najua alikuwa anashangaa tu."

Na Shafi alikuyaka kila wiki. Hakuingia. Alikaa inje ya lupango ku jiwe, akatuma salamu, sabuni, sukari, akaenda. Alikuwa amekonda. Watu ba Naviundu balisema usiku na muchana mashini yake inalia, na wateja hawapewe nguo.

Siku ya mwisho ya eda Shafi alifika asubuhi, amevaa kanzu safi, na bashahidi bawili bakabakia barabarani. Ramla alikuwa ameoga, ametoa nguo nyeupe. Alitandika mukeka mbele ya mulango, akamuita, akamuonyesha upande ule mwingine. Aliniambia nikae. Shehe alisema wasiwe peke yao.

"Shafi," akasema.

"Naam, mama ya batoto."

"Hukunipiga hata siku moja. Hukuninyima. Batoto uliwalea. Miye sitaki kukuacha."

"Usiniache."

"Basi unijibu. Siku ile, uliona nini chini ya nguo?"

"Nilikwambia. Nilisema mbele ya bantu."

"Ulisema ni yeye. Sikuulizi ulisema nini. Uliona nini?"

Shafi akavuta uzi ya mukeka. Akasema, "Sikuangalia. Balifunua, nikafunga macho, nikasema ndiyo. Niliogopa, Ramla. Jua ilikuwa inashuka, banaume balikuwa mulangoni na majembe. Ni hiyo tu kosa yangu."

Na miye nilipumua, juu ile kosa muntu anaweza kusamehe. Nani hangefunga macho? Ramla pia, niliona mabega yake yanashuka. Alimuangalia pole pole, na kumuonea huruma. Kisha akasema, kama unavyosema na mutoto mugonjwa:

"Funga sasa. Vile ulifunga."

Shafi akafunga macho.

"Banafunua nguo," Ramla akasema.

"Banafunua," Shafi akasema.

Akakaa vile. Kuku ilipita kati yetu. Mudomo wake ukaanza kutikisika, na sauti iliyotoka haikuwa ya kuniambia miye, wala Ramla.

"Muguu moja haikuungua," akasema. "Ni mudogo. Abibu alikuwa na miguu mikubwa, tulimuchekaka. Hii ni ya kijana. Iko na uzi mweusi ku kifundo, mama yake njo alimufungia. Mukono wa kuume uko kando." Akameza mate. "Vidole iko tano. Iko na kucha yote."

Ramla hakulia. Alikaa kidogo, kama muntu anayengoja kama kuna neno ingine. Kisha akainuka, akachukua viatu vyake mu mukono ili visilie, akaingia mu nyumba. Sofia alikuwa nyuma ya mulango. Wakaufunga pole pole, na nikasikia banaweka mbao.

Shafi hakusikia. Macho yake yalikuwa yamefungwa, na alikuwa anaendelea kutuambia. Alikuwa ametoka ku miguu, alikuwa anapanda pole pole. Alitaja magoti. Alitaja mukaba, chuma yake ilikuwa na alama ya simba. Alitaja shati, rangi gani, na kifungo ngapi zilibakia. Nilitaka kumushika bega, nimwambie afungue macho, mwanamuke alisha kuenda. Sikumushika. Bashahidi balikuwa bananiangalia toka barabarani. Alikuwa amefika ku shingo, na jasho ilikuwa inamutoka, juu alikuwa anakaribia uso.